Maswali ya wasomaji: bia nyeusi, bourbon na mwaloni

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu bia nyeusi inayolazwa (kuachwa muda mrefu ili ivute ladha) na mwaloni na bourbon, na barua nyingi zimetoka Marekani. Si ajabu. Bourbon ni wiski ya huko, na tangu 1979 sheria ya shirikisho inamruhusu mtu mzima kupika nyumbani galoni 100 za bia kwa mwaka bila kodi, au galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, mradi asiuze. Kenya ni habari nyingine: sheria ya vileo ya 2010 inadai leseni hata kwa kutengeneza, sembuse kuuza. Anayesoma akiwa Nakuru au Kisumu aanzie kwenye leseni, si kwenye sufuria.

Shikamooni. Nimeshapika bia ya ngano mara kadhaa na imekubali. Sasa nataka nyeusi, galoni 5, yenye bourbon na mbao. Nipeni vipimo vyote tangu mwanzo. (Msomaji wa Columbus, Ohio)

Marahaba. Tuanze na bia yenyewe, maana bourbon ikiingia kwenye bia nyepesi hujitenga kinywani kama pombe kali iliyozimuliwa na maji. Unahitaji porter (aina ya bia nyeusi) nzito, yenye kilevi cha asilimia 7 hivi na utamu kidogo uliobaki. Galoni 5 ni lita 19, lakini pika 20, kwa sababu mbao na mashapo vitameza sehemu yake. Tukichukulia kwamba unavuna asilimia 70 ya sukari iliyomo katika nafaka, nunua hivi: kimea cheupe cha shayiri kilo 5.2, kimea cha Munich gramu 700, kimea cha karameli daraja la 60 la rangi gramu 400, oti bapa gramu 400, kimea cha chokoleti gramu 350 (hakina kakao hata chembe, jina linatokana na rangi) na shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi gramu 200. Usizidishe hiyo ya mwisho. Ikipita gramu 400 kwa kiasi hiki, bia huanza kuwa na ladha ya majivu, na mwaloni huyakoleza majivu hayo badala ya kuyaficha.

Maji ya bomba yatibu kwanza kwa nusu kidonge cha Campden kwa lita 40. Klorini isipoondolewa huungana na vitu vya kimea na bia ikanuka plasta ya kidonda. Pasha lita 20 hadi nyuzi 74 za Selsiasi, mimina nafaka iliyoparazwa huku ukikoroga, na mchanganyiko utatulia kwenye nyuzi 67. Funika kwa saa moja. Chuja, kisha suuza machicha kwa lita 14 za maji ya nyuzi 76. Utapata kama lita 27 za togwa. Jina hilo tunalitumia makusudi, kwa kuwa kitu ni kilekile: maji matamu ya kimea ambayo bado hayajawa pombe.

Chemsha saa moja bila kufunika. Mwanzoni tia gramu 30 za hopsi (maua machungu ya bia) ya Magnum, na zikibaki dakika 15 tia gramu 20 za East Kent Goldings. Hopsi za harufu ya matunda ziache, zitagombana na mbao. Poza haraka hadi nyuzi 18 na upime: haidromita (kipima uzito wa togwa, maji matupu yakiwa 1.000) isome karibu 1.072. Ukikuta 1.065, mara nyingi kosa ni nafaka iliyoparazwa kwa ukubwa mno au machicha yaliyosuuzwa kwa pupa. Gramu 400 za unga mkavu wa kimea, zilizochemshwa katika togwa kidogo, zitakurudisha pointi 7.

Tikisa ndoo dakika kadhaa ili hewa iingie. Huu ndio wakati pekee ambapo hewa inatakiwa. Baada ya hapo ni adui. Tia paketi mbili za hamira ya bia, kila moja gramu 11.5, S-04 au US-05. Paketi moja inatosha bia ya kawaida, si togwa nzito kama hii. Shika nyuzi 18 hadi 19 kwa siku nne za kwanza, halafu iache ipande hadi 21. Baada ya wiki mbili hivi itafika 1.018 au 1.020. Pima tena baada ya siku tatu. Namba isipobadilika, bia imemaliza kuchacha, na sasa unaweza kuzungumzia mwaloni.

Duka la hapa linauza mwaloni wa vibanzi, wa dadu, na wa vijiti vilivyochongwa kama parafujo. Kuna wa Kimarekani na wa Kifaransa, uliobanikwa kidogo, wastani na sana. Nichukue upi, na kiasi gani? (Msomaji wa Minneapolis)

Chukua dadu za mwaloni wa Kimarekani zilizobanikwa wastani kuelekea sana, gramu 45 kwa lita 20. Sababu zake ni hizi.

Mti huu wengi wetu tuliusikia kwenye habari za Ibrahimu kabla hatujauona, lakini ule wa Mamre na huu wa mapipa ni aina tofauti. Mwaloni mweupe wa Kimarekani una wingi wa laktoni, ambazo pua huzitambua kama nazi, na ukibanikwa hutoa vanila. Wa Kifaransa una nazi kidogo, viungo zaidi na tanini (vitu vyenye ukakasi) nyingi zaidi. Kwa kuwa bourbon yenyewe kwa kawaida hulazwa kwenye mwaloni wa Kimarekani, ndio unaoifanya bia ikumbushe pipa.

Moto nao una kazi yake. Mbao mbichi ni ukakasi mtupu. Joto linapopanda, lignini ya mti huvunjika ikawa vanilini, na sukari zilizofungwa ndani ya mbao hugeuka karameli na harufu ya lozi. Moto ukizidi zaidi hutokea karafuu kidogo, kisha moshi, na sehemu ya vanilini ile huanza kupotea. Ndiyo maana daraja la kati hushinda kwa bia nyeusi: moshi na kuungua umeshavipata kwenye shayiri iliyokaangwa, kwa hiyo usivinunue mara ya pili.

Kuhusu umbo, vibanzi vina uso mwingi kwa uzito mdogo. Gramu 20 hadi 30 hutoa karibu kila kitu ndani ya siku 7 hadi 14, na hutoa kwa fujo, tanini zikitangulia. Dadu hubanikwa kutoka nje kwenda ndani, hivyo dadu moja ina tabaka kadhaa za ladha, na bia huchukua wiki 4 hadi 8 kuzifikia. Vijiti vya parafujo viko katikati, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuvifunga uzi na kuvitoa. Mwenye haraka hutumia vibanzi, na mwenye haraka ndiye anayetuandikia baadaye kwamba bia yake ina ladha ya ubao wa kukatia nyama.

Usichemshe mbao kwa muda mrefu ili kuua vijidudu. Utamwaga ladha pamoja na maji. Zipitishe kwenye mvuke dakika 15, au ziweke kwenye mtungi wa kioo wenye bourbon ya kuzifunika, mililita 200 hivi, kwa wiki moja au mbili. Njia ya pili ndiyo tunayoipenda. Lakini onja ule mchuzi kabla ya kuutia. Ukikausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni, umwage, tumia mbao peke yake, na bourbon mpya uitie baadaye kwa kipimo.

Hamishia bia kwenye chombo cha pili kwa mpira wa kufyonza, mdomo wa mpira ukiwa umezama chini ili bia isirukeruke. Jaza hadi shingoni. Nafasi tupu ya lita tatu juu ya bia, kwa wiki sita, huleta ladha ya karatasi yenye unyevu. Anza kuonja wiki ya pili, kisha kila baada ya siku saba, na kila mara toa bia kwa kifaa kilichooshwa kwa dawa. Dawa ya Star San ni mililita 30 kwa lita 19 za maji, na povu lake halihitaji kusuuzwa. Ladha ya mbao ikizidi kidogo tu kile unachotaka, hamisha bia kutoka kwenye mbao siku hiyohiyo. Miezi miwili chupani itaipunguza.

Rafiki yangu humimina chupa nzima ya bourbon kwenye ndoo na kusema ndiyo siri. Kweli? (Msomaji wa Leeds)

Chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 45, ndani ya lita 20, inaongeza kilevi kwa takriban asilimia 1.4 na kuifunika bia. Wapo wanaoipenda hivyo. Wewe usikisie kiasi wakati unaweza kukipima.

Siku ya kutia chupani, panga glasi nne, kila moja mililita 100 za bia. Kwa bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa, tia bourbon mililita 0.5 kwenye ya kwanza, 1 kwenye ya pili, 1.5 kwenye ya tatu, 2 kwenye ya nne. Koroga, subiri dakika tano, onja kuanzia nyepesi. Hesabu yake ni rahisi: mililita 1 kwenye glasi ni mililita 200 kwenye lita 20. Glasi ya kwanza maana yake 100, ya tatu 300, ya nne 400. Wengi huangukia kati ya 200 na 300. Bia ikiwa baridi sana utadanganyika, kwa hiyo ionje ikiwa na nyuzi 12 au 13. Kama mbao zililoweshwa kwenye bourbon na ukamimina mchuzi wake, kumbuka kwamba kiasi hicho kimo tayari. Glasi zitakuambia kilichopungua tu.

Bourbon ya bei ya kati inatosha. Kilichofanya chupa ya bei kubwa iwe ya bei kubwa kitafunikwa na kimea cheusi.

Naweza kutumia Konyagi badala yake? (Msomaji wa Arusha)

Utaongeza ukali tu. Konyagi haina rangi wala ladha ya pipa, na ladha ya pipa ndiyo tunayoitafuta. Ramu nyeusi iliyolazwa kwenye pipa inafaa, na huendana vizuri na kimea cha karameli.

Na mbao? Fundi jirani ana vipande vingi vya mvule na mninga. (Huyohuyo)

Hapana. Vumbi la mvule mafundi wenyewe wanalijua kwa kuwasha ngozi na pua, usilifanye kinywaji. Mbao za dukani nazo huenda zimepakwa dawa ya mchwa. Hata mwaloni wa fanicha haufai, kwa sababu mwaloni wa pipa huachwa nje kwenye mvua na jua kwa miezi, au miaka, ili tanini kali zioshwe kabla haujafika motoni.

Nimepata pipa dogo la galoni 5 kutoka kwa mtengeneza bourbon. Limekaa gerejini miezi mitatu. Nilijaze bia moja kwa moja? (Msomaji wa Louisville, Kentucky)

Ngoja kwanza. Sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani, na pipa likishatumika haliwezi kutumika tena kwa bourbon. Hiyo ndiyo sababu mapipa makuukuu ni mengi, na ndiyo iliyowawezesha watengeneza bia Goose Island wa Chicago, katika miaka ya 1990, kulaza stout (bia nyeusi) yao nzito kwenye mapipa yaliyotoka kwa watengeneza bourbon Jim Beam. Lakini pipa la kiwandani ni la galoni 53, karibu lita 200, na hujazwa bia likiwa bado na unyevu wa bourbon.

Lako limekauka. Mbao zikikauka husinyaa, hewa huingia, na pamoja nayo bakteria wa siki. Nusa tundu lake. Likinuka bourbon na vanila, endelea. Likinuka siki au ukungu, ligeuze chungu cha maua bila majuto. Lililo zima lijaze maji ya nyuzi 80, liache usiku kucha, ongeza maji litakapovuja. Matone hukoma mbao zinapovimba. Yasipokoma baada ya siku mbili, pete za chuma zinahitaji kugongwa zishuke.

Jambo la pili ni ukubwa. Pipa la lita 20 lina ujazo wa moja ya kumi ya lile kubwa, ila uso wa mbao kwa kila lita ni zaidi ya mara mbili. Hivyo usifuate miezi unayosoma kwenye lebo za viwanda. Bia ya kwanza ionje kuanzia siku ya kumi. Huenda wiki tatu zikatosha. Ya pili itahitaji miezi miwili, na ya tatu itakuta mbao zimechoka. Ziba vizuri, na kila wiki jaza nafasi iliyoachwa na bia iliyopotelea kwenye mbao. Jua pia kwamba hakuna dawa inayofika ndani ya vinyweleo vya ubao: pipa likishapata laktobasili (bakteria wa uchachu) au Brettanomyces (hamira mwitu), litakupa bia chachu milele. Usilihamishie bia safi tena.

Bia yangu imekwama. Rifraktomita inasoma 9.5 Brix (kipimo cha sukari) kwa wiki tatu, jedwali linasema hiyo ni 1.038. Mwanzo ilikuwa 17.5. Niongeze hamira? (Msomaji wa Toronto)

Usiongeze chochote. Bia yako imemaliza. Rifraktomita hupima jinsi mwanga unavyopinda, na kilevi huupinda kwa namna yake, kwa hiyo baada ya uchachu namba ile si sukari peke yake. Ukiingiza 17.5 na 9.5 kwenye kikokotoo cha marekebisho utapata 1.018, palepale panapotakiwa. Hakikisha kwa haidromita. Tumepokea barua tatu za aina hii, na mwandishi mmoja alikuwa tayari ameshatia kimeng'enya, kikala na ule utamu uliotakiwa kubaki.

Kabla hata sijatia bourbon, bia ina ukali wa pombe unaochoma koo na harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nilipika Agosti. (Msomaji wa Houston)

Joto. Chumba cha nyuzi 26 maana yake ndani ya ndoo, hamira ikiwa kazini, ni 29 au zaidi, na hamira iliyopata joto siku mbili za kwanza hutoa alkoholi nzito na esta (vitu vya harufu kali) kwa wingi. Mwaloni hauwezi kuziba hilo, wala muda hauliponyi vizuri. Safari ijayo weka ndoo kwenye beseni la maji na uivishe fulana iliyolowa; ni ujanja uleule wa mtungi. Ila Houston ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi na ubaridi wake ni mdogo, kwa hiyo tumbukiza kwenye beseni chupa mbili za maji yaliyogandishwa, asubuhi na jioni, kwa siku nne. Au pika Januari.

Nililaza bia miezi mitatu, nikaitia chupani na sukari kama kawaida. Baada ya mwezi haina gesi hata kidogo. Nini kimetokea? (Msomaji wa Columbus, mwingine)

Hamira imeshuka chini, na iliyobaki imechoka kwa kilevi. Bia iliyolazwa muda mrefu huhitaji hamira mpya siku ya kutia chupani: gramu 2 za CBC-1 kwa lita 20, ziloweshwe kwenye maji vuguvugu dakika 15. Sukari ya mezani gramu 105, chemsha kwenye maji nusu lita, poza, changanya taratibu. Hiyo itatoa gesi ya wastani inayofaa bia hii.

Chupa ulizonazo sasa si hasara. Zifungue, dondoshea kila moja punje chache za CBC-1 kavu, funga kwa vifuniko vipya na uziweke wiki tatu kwenye nyuzi 22. Sukari usiongeze, ile ya kwanza bado imo. Fanyia hivyo chupa mbili kwanza, na wiki tatu zikipita funika moja kwa taulo kabla ya kuifungua. Ikitoa povu la kiasi, rudia kwa zilizobaki. Ikiruka hadi darini, shida ilikuwa vijidudu vilivyotoka kwenye mbao, na chupa zote ziende kwenye friji siku hiyohiyo.